Kabla ya Mshale

Sehemu tatu nzima sasa, amevuta upinde.
Ya ishirini na moja aliinua mkono.
Ya ishirini na mbili upepo ulipita kwenye nywele zake
taratibu, unywele mmoja mmoja.
Ya ishirini na tatu, jana usiku, hapa Majengo,
kwenye kompyuta ya Paluku iliyovunjika bawaba
na kuegemezwa jiwe la volkano isilale chali,
bado amevuta.

Hajaachia.

Tulikuwa sita kitandani, wa saba mlangoni.
Musavuli ndiye husoma Kifaransa cha chini ya picha,
hukigeuza Kiswahili mbio mbio kabla hakijafutika,
na akikosa neno hulitunga.
Najua hulitunga. Hakuna Mjapani
aliyewahi kumwambia adui yake,
"Leo utakula bugali bila sombe."

Adui naye hana haraka. Anasimulia utoto wake.
Picha zinageuka kijivu: theluji, viatu vya mama,
mlango uliofungwa kwa ndani,
na ngoma chini yake, polepole,
kama mtu anayepanda ngazi akijua anayemfuata.

Mama yangu hata haangalii. Anachambua maharage.
Akasema, uso kwenye ungo:
"Mwenye kupiga hapigi hadithi."
Tukacheka mpaka kitanda kikalia.
Ndipo akainua kichwa.
"Na huyo mtoto haachii leo. Tazameni bega.
Bega la kuachia huwa limeshashuka."

Miaka kumi na minane anapokea makala ya Sake,
anashusha magunia kwenye chukudu alfajiri;
bega analijua kuliko aliyelichora.
Hatukucheka tena. Tulitazama bega.

Tone la jasho likatoka kwenye nyusi
likachukua dakika nzima kufika kidevuni.
Nyuma ya msichana wamechora mlima,
mweupe, mpole, mlima wa kalenda.
Wetu hauchorwi hivyo.
Wetu usiku hupaka mawingu wekundu,
na hakuna muziki wa kukwambia
ni sehemu ya ngapi.
Mwaka ule ulipoachia, shangazi Masika
alikuwa anamsuka mteja;
wakakimbia wote wawili hadi Sake,
kichwa upande mmoja kimesukwa,
upande mwingine nywele zimesimama,
na kitana bado kimechomekwa humo.

Ndipo umeme ukakatika.
Betri asilimia nne. Musavuli akapunguza mwanga,
akapunguza tena, msichana akawa kivuli,
kamba ikawa uzi mwembamba wa fedha,
kidole kimoja kikatetemeka (Kahindo anaapa kilitetemeka,
Paluku anakataa)
kisha kioo kikazima.

Na ndani ya kioo kilichozima,
kwa mwanga wa jiko la mama,
tulijiona: mabega kumi na manne,
yote yamepanda hadi masikioni.

Ya mwisho itafika Jumanne,
ndani ya flashi, mfukoni mwa Paluku,
kutoka kwa yule kijana wa mzunguko wa Signers
anayetoza franka elfu moja na kuonja kwanza yeye.
Kahindo anasema mwisho anaujua, aliambiwa shuleni.
Tumemwahidi kipigo, na ameanza kuuza ukimya wake
kwa biskuti.

Mimi, nikisema kweli, siitaki Jumanne.
Kamba ikiwa imevutwa hivi
hata yule adui ana mama,
hata theluji haijakanyagwa na mtu,
na Musavuli hajasema bado
kama atapanda boti ya Bukavu kutafuta kazi
au atabaki kututungia maneno.
Hatumuulizi. Anaongea sana siku hizi,
anasimulia utoto wake.

Asubuhi nilimkuta mama ametoka ziwani,
bidoni bado mgongoni, ukanda kwenye paji la uso,
amesimama mlangoni anamtazama Musavuli amelala.
Bega juu.
Nikasimama pale pale, mswaki mdomoni,
nikingoja lishuke.